"Take" kwa Wachina: kwa walimu mnaoanza

Wadogo zangu mnaofundisha Wachina Kiingereza, nimekaa tena nyuma ya darasa na kumwona mwalimu mgeni akijaza ubao maana za "take" kutoka juu hadi chini. Wanafunzi walinakili kila neno, na hakuna aliyefungua kinywa. Jamani, tuache hili.

1. Msiwaambie kwamba "take" ni ná. Ná ni kuchukua kwa mkono, kalamu iliyo mezani kwa mfano. Basi la abiria kwa Mchina "hukaliwa": zuò chē. Dawa "huliwa": chī yào. Picha ina kitenzi chake, mtihani una chake. Hata sisi basi tunapanda, picha tunapiga, na dawa tunakunywa hata ikiwa kidonge.

Sasa, katika darasa hilo mhandisi mmoja, mtu mzima, alisema "I eat medicine". Mwalimu akamkatiza, akaandika iliyo sahihi, akasonga mbele. Yule bwana alifunga daftari, hakusema tena hadi kipindi kikaisha. Iliniuma sana, kwa sababu alikuwa ametafsiri sawasawa kutoka kwao. Mngemwomba aandike chī yào ubaoni kwa mkono wake, darasa zima lingeona kosa linatoka wapi. Kisha mpeni "take medicine" nzima nzima, na "take a bus", na "take a photo", kila kitenzi na nomino yake. Kesho yake msimuulize maana ya "take". Muulizeni anafikaje kazini.

2. "Bring" na "take": Kichina kina dài, kisha huongezwa lái kwa kuja huku au qù kwa kwenda kule. Ni leta na peleka. Mpe mmoja kikombe, simama mlangoni, mwagize.

3. Muda. Waliosoma sekondari China wamekaririshwa "spend, cost, take, pay" kwa pamoja kwa ajili ya mitihani, kwa kuwa huā ni kutumia pesa na pia kutumia muda. Ndipo unasikia "It spent me two hours". Mtu ndiye wa "spend", shughuli ndiyo ya "take".

4. "Took". Kitenzi cha Kichina hakibadiliki umbo, kwa hiyo anayesema "yesterday I take" ameshakuambia ni jana. Tafadhali msimwambie kwamba le, kijineno kinachofuata kitenzi cha Kichina, ndiyo wakati uliopita! Míngtiān wǒ chīle fàn jiù qù: kesho nikishakula nitakwenda. Le iko pale, na kesho haijafika. Inakaribiana zaidi na -sha- yetu. Mwacheni amalize sentensi yake, ndipo mumrudishie ikiwa na "took" ndani, naye airudie.