Maswali ya Wasomaji: Kanzidata ya Bei za Dawa Itatufaa Nini Huku Magharibi mwa Tanzania?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kasulu, na mama yangu mzazi anatumia dawa ya shinikizo la damu kila siku. Hivi karibuni niliulizia dawa hiyo katika maduka mawili yanayotazamana, nikakuta bei ya duka moja inakaribia kuwa maradufu ya bei ya lingine. Mbona kwenye petroli hatuoni mambo haya? EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi na kila mwenye kituo anajua asipopaswa kuvuka. Kwa nini dawa zisiwekewe utaratibu huohuo? Na hiyo kanzidata ya taifa, yaani hifadhi ya kumbukumbu za bei za dawa, ambayo watu wanasema iundwe ingenisaidia nini mimi? (Msomaji, Kasulu)

JIBU: Mwalimu, umechagua mfano unaofaa, kwa kuwa ukiuchunguza utaona kwa nini kazi ya dawa ni ngumu zaidi na kwa nini inaanzia kwenye kumbukumbu kabla ya kufika kwenye amri. EWURA ilianza kupanga bei kikomo za mafuta mwaka 2009, na kanuni inayotumika iko wazi: bei ya soko la dunia, gharama za meli na bandari, kodi, faida iliyokubaliwa, kisha nauli ya kufikisha mzigo katika kila mji. Jedwali linapotoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, miji ya Kigoma huwa miongoni mwa ile yenye bei ya juu, na wananchi wananung'unika lakini wanaelewa, kwani lori limetoka mbali. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu bidhaa zenyewe ni tatu tu, na lita ya dizeli ya Kasulu haina tofauti na lita ya dizeli ya Nzega.

Dawa zilizosajiliwa nchini ni maelfu, na moja inaweza kuwa na majina ya biashara kumi kutoka viwanda kumi. Ninadhani hapo ndipo ilipo siri ya maduka yako mawili. Dawa ya mama, kama ni amlodipini kwa mfano, inaweza kuwa imetoka kiwanda kimoja katika duka la kwanza na kiwanda kingine katika duka la pili. Huenda kidonge kimoja kina miligramu 5 na kingine miligramu 10. Huenda boksi moja lina vidonge 28 na jingine 30. Aliyeandika bei kwa kalamu pembeni mwa boksi hakuandika lolote kati ya hayo, na risiti uliyopewa, kama ulipewa, pengine imeandikwa neno moja tu, "dawa", na jumla ya fedha. Mkusanya takwimu hawezi kufanya chochote na karatasi kama hiyo.

Kwa hiyo kanzidata yenye manufaa lazima iandike, kwa kila bei, jina la kitaalamu la dawa, nguvu yake, umbo lake (kidonge, sharubati au sindano), idadi iliyouzwa, kiwanda, tarehe, wilaya na aina ya duka au kituo. Kimojawapo kikikosekana, ulinganisho unapotosha. Tuchukue hesabu ya kubuni: duka moja linauza vidonge kumi vya amoksilini vya miligramu 250 kwa shilingi 1,000, na jirani yake anauza vidonge kumi vya miligramu 500 kwa shilingi 1,500. Ukitazama bei pekee, wa pili ni ghali. Ukipiga hesabu kwa kila miligramu 250, wa kwanza anatoza shilingi 100 na wa pili 75. Sisemi hayo ili mgonjwa ajibadilishie dozi mwenyewe, maana hilo ni la daktari na mfamasia. Ninasema kwamba mashine isiyojua nguvu ya kidonge itamtangaza mwenye bei nafuu kuwa mlanguzi.

Jambo jingine ambalo wengi hulipita haraka ni namna ya kujumlisha. Bei tano za dawa moja zikiwa shilingi 1,000, 1,000, 1,200, 1,500 na 9,000, wastani wake ni shilingi 2,740, kiasi ambacho hakuna duka hata moja kati ya hayo linalokitoza. Ukizipanga kwa mfuatano na kuchukua ya katikati unapata 1,200, na hiyo inasema ukweli zaidi kuhusu mtaa huo. Mwongozo wa kupima bei za dawa ambao Shirika la Afya Duniani na shirika la Health Action International waliutoa mwaka 2003, kisha wakaurekebisha mwaka 2008, unatumia bei ya kati kwa sababu hiyo hiyo, halafu unailinganisha na bei rejea ya kimataifa, yaani bei ya dawa hiyo hiyo katika soko la dunia, ili ijulikane nchi inalipa mara ngapi zaidi.

Umeuliza kwa nini Serikali isipange. Kwa sasa kila taasisi ina kipande chake. TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, inashughulikia ubora, usalama na ufanisi wa dawa. Baraza la Famasi linasimamia taaluma na maduka. Bohari ya Dawa, ambayo kanda yake mojawapo iko Tabora, ina orodha ya bei zake kwa vituo vya umma. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya una viwango vyake vya kuwalipa watoa huduma. Bei ya duka binafsi hujipangia mwenye duka. Afrika Kusini walikwenda mbali zaidi mwaka 2004: kiwanda au mwagizaji hutangaza bei moja ya kuuzia wanunuzi wote wa sekta binafsi, hakuna punguzo la pembeni, na mfamasia huongeza ada yenye kikomo. Ninaipenda hatua hiyo, lakini wao walikuwa na mahali pa kuandikia bei hizo zote na watu wa kuzikagua. Anayepanga kikomo bila kumbukumbu anabahatisha. Akikiweka chini mno dawa inatoweka Kasulu kwanza kabla ya kutoweka Dar es Salaam, na akikiweka juu mno hata aliyekuwa akiuza nafuu atapandisha.

Kwa leo, Mwalimu, nenda na cheti cha mama, taja dawa kwa jina la kitaalamu, uliza kama ipo ya kiwanda kingine iliyosajiliwa, na udai risiti yenye jina la dawa, nguvu na idadi.

SWALI: Mhariri, salaam. Nina duka la dawa muhimu wilayani Urambo. Kila mara ikizungumzwa bei ya dawa, sisi wa rejareja ndio tunaoitwa wanyonyaji. Ninanunua kidogo kidogo kutoka kwa wauzaji wa jumla, ninalipia usafiri, na dawa nyingine zinaisha muda wake rafuni. Kanzidata hiyo haitakuwa fimbo ya kutuchapia? (Msomaji, Urambo)

JIBU: Hofu yako ina msingi, ndugu yangu, na jibu linategemea kinachoandikwa. Ikiandikwa bei ya kaunta peke yake, utaonekana wewe tu, kwa kuwa wewe ndiye uliye mbele ya mteja. Mwongozo nilioutaja hapo juu hufuata bei ya dawa hatua kwa hatua: bei ya kiwandani pamoja na bima na usafirishaji, gharama za kuiingiza nchini, nyongeza ya muuzaji wa jumla, nyongeza ya rejareja, na mwisho kile anacholipa mgonjwa. Sehemu kubwa ya dawa zetu huagizwa kutoka nje, kwa hiyo thamani ya shilingi ikishuka, bei huwa imekwisha kupanda kabla mzigo haujapanda gari kuja Tabora. Ankara yako ya ununuzi, ikiwekwa kando ya bei yako ya kuuza, ndiyo itakayoonyesha umeongeza kiasi gani. Mwaminifu hana cha kupoteza hapo.

Ningeshauri mambo mawili yawekwe katika kanuni tangu mwanzo. La kwanza, kinachotangazwa kwa umma kiwe bei ya kati ya wilaya pamoja na ya chini na ya juu, bila jina la duka. Majina yabaki kwa wakaguzi. La pili, maduka yasilazimishwe kutuma orodha nzima. Maduka ya dawa muhimu, yaliyoanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, yalibuniwa kwa ajili ya vijiji na miji midogo, na mengi yana mhudumu mmoja na daftari moja. Ukimtaka mtu huyo ajaze bei za dawa 300 kila wiki atakujazia za kubuni, na kanzidata iliyojaa takwimu za kubuni ni mbaya kuliko kutokuwa nayo kabisa. Dawa 30 zilizochaguliwa vizuri zinatosha kuanzia: dawa mseto ya malaria, antibiotiki chache, za shinikizo la damu, kisukari, pumu na kifafa, na chumvichumvi za kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha. Zikusanywe mara moja kwa mwezi katika maduka ya sampuli, na kila baada ya muda mkaguzi apite kama mteja wa kawaida kuona kama bei iliyotumwa ndiyo inayotozwa.

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wanne katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, wilaya ya Uvinza. Huku intaneti ni ya kubahatisha, na dawa tunafuata kwa boti. Mambo ya kanzidata yanatuhusu nini? (Msomaji, Uvinza)

JIBU: Marahaba, mama. Yanawahusu ninyi kuliko mtu wa mjini, mradi iandikwe pia kama dawa ipo au haipo. Kwa sera ya nchi yetu, watoto walio chini ya miaka 5 na wajawazito hawatozwi katika vituo vya umma. Lakini dawa isipokuwepo zahanati, msamaha huo unaishia dirishani, nanyi mnakwenda dukani kulipa bei kamili, tena mkiongeza nauli ya boti. Bei nzuri ya dawa isiyokuwepo haimtibu mtoto. Kituo kina njia ya kuziba pengo: chini ya utaratibu wa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 na kuenea nchini mwaka 2018, Bohari ya Dawa ikikosa dawa, kituo huagiza kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa kwa ajili ya mkoa. Bei ya mshitiri ikiwa ndani ya kanzidata, kamati ya zahanati yenu inaweza kuuliza kwa nini mkoa mmoja unalipa zaidi ya mwingine kwa boksi lilelile.

Kuhusu intaneti, bei za mafuta tayari hupatikana kwa simu ya kitochi kwa kubonyeza namba ya huduma, na za dawa zinaweza kufuata njia hiyo. Aidha, ziandikwe kwenye ubao wa zahanati kila mwezi.

Kuna jambo moja ambalo ningependa wataalamu walirekebishe kwa ajili ya mikoa yetu. Kipimo cha kimataifa cha unafuu huuliza mfanyakazi wa serikali wa mshahara wa chini kabisa atafanya kazi siku ngapi ili anunue dozi. Mwambao hauna watu wengi wenye mshahara. Kuna wavuvi wa dagaa na wanawake wanaowaanika. Dozi inayoonekana nafuu kwa mlipwa mshahara inaweza kuwalemea, na ndiyo sababu ninyi mnakatiwa vidonge vya siku mbili pale dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya malaria ni vidonge 24 vya siku tatu. Muuzaji akiandika kwamba amekata dozi, na kwa bei gani, wizara itaona mahali ambapo fedha zimewaishia watu kabla dawa haijaisha. Hadi siku hiyo, mama, vidonge vya siku ya tatu visiachwe dukani. Mwombe muuzaji akuandikie deni.