Kisiwani, kuficha jina si kumficha mtu

Ripoti yangu ya kwanza ya tathmini ya mradi wa kuwalinda watetezi wa haki za binadamu niliiandika kwa uangalifu niliodhani unatosha. Majina yote niliyatoa. Mahali pa jina nikaweka maelezo: mwalimu mstaafu, mkaazi wa shehia (eneo dogo la utawala Zanzibar) ya pwani, Wilaya ya Micheweni, Pemba, aliyewasaidia wavuvi katika mgogoro wa ardhi. Baada ya wiki chache nilikuwa sokoni Chake Chake, mtu ninayemjua kwa sura tu akanisalimia, kisha akasema, "Nimeona mmemwandika mwalimu." Akamtaja jina lake na la baba yake.

Mwalimu hakupatwa na jambo, alhamdulillahi. Lakini usiku ule sikulala. Mtu alinipokea kwake, akanikirimu, akanieleza yaliyomsibu, nami nikampa kila msomaji njia ya kufika mlangoni pake. Nyinyi mnaoingia sasa katika kazi hii nawaandikia kwa sababu ya usiku ule.

Katika nchi kubwa mtu hufichika nyuma ya maneno kama "mkulima, miaka 45". Unguja na Pemba watu hujuana kwa ukoo, kwa mtaa, kwa skuli walizosoma. Ukishataja wilaya, kazi na kisa kimoja, umeshamtaja mwenyewe. Kwa hiyo kila aya ya ripoti isome kwa macho ya jirani yake. Kama jirani atamjua, punguza: wilaya iwe Pemba tu, kazi iondoke, mwezi uondoke. Ikiwa bado anajulikana, kisa chote kitoke. Mfadhili huenda akasema ripoti imekosa mifano hai. Mwambieni mapema, katika ripoti ya kuanzia kazi, kwamba mifano mingine haitaandikwa, na sababu yake ni ipi. Wengi huelewa wakiambiwa mwanzo. Ukisubiri siku ya kuwasilisha rasimu, wanaona umefanya uvivu.

Jambo la pili ni kumjua mtetezi ni nani. Tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu watetezi wa haki za binadamu, lililopitishwa tarehe 9 Desemba 1998, halimtafuti kwa kadi ya uanachama. Kifungu chake cha kwanza kinasema kila mtu ana haki, peke yake au pamoja na wenzake, kupigania haki za binadamu. Orodha ya mradi, hata hivyo, huwa ya asasi zilizosajiliwa na wale waliohudhuria mafunzo ya hotelini. Ukiifuata hiyo peke yake utakutana na watu wa ofisini, wengi wao mjini, wengi wao wanaume. Mama anayemshika mkono mtoto aliyedhalilishwa, akaenda naye polisi, akarudi naye mahakamani mara ya tano huku familia ya mtuhumiwa ikimnunia msikitini na kisimani, hayumo. Ukimwita mtetezi atakataa, atakwambia, "Mimi nilimsaidia mtoto wa jirani tu." Huyo ndiye aliyebeba hatari kubwa kuliko wote, na pengine mradi haujawahi kumjua. Muulize msaidizi wa sheria wa shehia, yule asiye wakili lakini aliyefunzwa kuwasaidia watu mambo ya sheria, atakwambia yuko wapi. Wasaidizi hawa wanafanya kazi kubwa visiwani, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018 nafasi yao inatambulika kisheria, lakini katika ripoti nyingi nimewaona wakitajwa kwa sentensi moja.

Sasa njia ya kumfikia. Huwezi kuingia shehia bila kupita kwa sheha, kiongozi wake, na kibali cha utafiti uwe nacho mkononi. Adabu na utaratibu vyote vinataka hivyo. Lakini sheha huteuliwa na serikali, hachaguliwi na wakaazi, na atakuuliza unakwenda kwa nani. Usimdanganye. Mwambie unafanya tathmini ya mradi wa msaada wa kisheria, kisha omba kuzungumza na watu wengi: wazee, kina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa, vijana wa barazani, walimu. Wale wawili uliowafuata watakuwa ndani ya ishirini. Ni kazi ya siku tatu badala ya moja, na bajeti lazima ijue hilo tangu mwanzo.

Gari la mradi lenye nembo mlangoni liache mjini Wete. Panda daladala. Nyumba zetu zina baraza mbele, na barazani kuna macho. Mgeni akishuka kwenye gari jeupe, kabla hajavua viatu mtaa mzima umeshajua. Wengine nimezungumza nao Chake walipokwenda hospitali, mmoja tulizungumza ndani ya boti kutoka Mkoani kwenda Unguja, upepo ukiwa mkali hata aliyekaa nyuma yetu hasikii kitu. Mwanamke usimhoji peke yake ukiwa mwanamume, na usidhani kumleta shangazi yake kutaleta faragha. Mpeleke mwenzako wa kike. Karafuu zikiwa zinachumwa watu wako mashamba tangu alfajiri, na Ramadhani baada ya adhuhuri hakuna mwenye nguvu ya kukumbuka mambo mazito. Panga safari ukijua hayo.

Nije kwenye kipimo, maana hapa ndipo vijana wengi hujikwaa. Mradi utakuonyesha jedwali: mwaka wa kwanza matukio mengi ya vitisho, mwaka wa tatu matukio machache, basi mradi umefaulu. Kabla ya kukubali, fungua kalenda. Tangu 1995 Zanzibar imekuwa na uchaguzi wa vyama vingi kila baada ya miaka mitano, na hatari ya watetezi hupanda na kushuka na kalenda hiyo. Wazee wa Pemba wanahesabu miaka kwa Januari 2001, watu walipouawa katika maandamano na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Oktoba 2015 uchaguzi ulifutwa, kura zikapigwa tena Machi 2016, na kati ya miezi hiyo watu waliishi roho juu. Mradi ulioanza mwaka wa kura na kumalizika katikati ya kipindi utaonekana umeleta utulivu ambao ungekuja wenyewe. Ulioanza kwenye utulivu ukaishia kwenye kura utaonekana umeshindwa, na huenda ndio uliookoa watu wengi zaidi.

Tena idadi ya matukio ikipungua inaweza kuwa watu wameacha kuripoti. Au wameacha kutetea. Mtetezi aliyenyamaza hatishwi na mtu. Kwa hiyo swali "mlitishwa mara ngapi" liandamane na "kitu gani mlikuwa mnafanya ambacho sasa hamfanyi". Jibu la hilo la pili limewahi kugeuza hitimisho langu zima, maana kikundi kilichoonekana salama kuliko vyote kilikuwa kimeshafunga mdomo mwaka mzima.

Mimi hupenda kupima kwa saa. Chukua tukio moja, la mtu aliyekamatwa au aliyetishiwa, ulijenge upya tangu simu ya kwanza: alipiga kwa nani, nani akapokea, wakili alifika lini, fedha zilitoka lini. Usitegemee kumbukumbu peke yake. Linganisha orodha ya simu, daftari la wakili na tiketi ya boti. Tiketi ya boti imenifundisha mengi. Mradi ulioandikwa mjini huahidi msaada ndani ya siku moja, na wakili yuko Unguja. Mtu akikamatwa Konde, kaskazini ya Pemba, wakati wa magharibi, boti ya abiria imeshaondoka, na msimu wa kusi, upepo wa kusini, bahari ya Pemba haina huruma na ratiba. Ukishaona hivyo, pendekezo lako linakuja lenyewe: fedha kidogo zikae Pemba, mawakili wawili watatu wa Pemba wawe na mkataba wa kuitwa usiku, msaidizi wa sheria awe na salio la simu. Vigezo sita vya tathmini vya OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, vilivyoboreshwa 2019, vitakusaidia kupanga sura za ripoti, lakini havitakwambia boti huondoka saa ngapi.

Kumhamisha mtu kwa muda kunastahili tathmini yake peke yake. Katika karatasi ni huduma bora: mtu anatolewa mahali pa hatari, anapelekwa Dar es Salaam au Nairobi miezi mitatu. Muulize aliyerudi, kisha kwa idhini yake muulize mkewe au mama yake. Nani alilala nyumbani usiku alipokuwa hayupo? Nani alichuma karafuu zake? Watoto waliambiwa nini skuli? Mwanamke aliyehamishwa hurudi akakuta maneno ya mtaani yanauma kuliko vile vitisho vya mwanzo. Miradi mingi inahesabu waliohamishwa; waliorejea na wakaweza kuishi hawahesabiwi.

Kuhusu simu nitakuwa mfupi. Usihifadhi namba ya mtu kwa jina lake. Usirekodi sauti isipokuwa lazima, na ukishanakili, futa, pamoja na nakala inayojihifadhi yenyewe kwenye intaneti. Alama za siri za majina kwenye daftari moja, ufunguo wake mahali pengine, na vyote viwili visisafiri kwenye mkoba mmoja. Kundi la WhatsApp la washiriki usilifungue hata ukiombwa. Picha ya pamoja, hapana. Nauli ya mtu mrudishie kamili na mpe chai, lakini usilipie maneno yake.

Na kabla rasimu haijaenda kwa mfadhili, rudi. Bajeti ya safari ya kurudi ndiyo ya kwanza kukatwa, nawaombeni msikubali ikatwe. Msomee kila mtu yale yaliyomhusu, kwa Kiswahili, hata kama ripoti itaandikwa kwa lugha nyingine, na mpe haki ya kufuta.

Safari yangu ya mwisho nilimsomea mama mmoja aya mbili. Nilikuwa nimeshaondoa jina, wilaya, umri, hata idadi ya watoto, nikajiona nimetimiza wajibu. Alisikiliza hadi nilipofika penye sentensi ya kikundi kilichonunua vyerehani vya kuwasaidia wasichana. Akaniwekea mkono kwenye karatasi. "Hapa ni mimi, mwanangu. Vyerehani vile vilipoletwa, mji mzima ulitoka kuvitazama." Nikamuuliza kama nibadilishe niandike mashine, au mradi mdogo. Akafikiri kidogo, akasema toa yote. Nikatoa kalamu, nikaifuta sentensi ile mbele yake.