Kitunguu saumu huzaa Ujiji, kikionjeshwa baridi kwanza

Mhariri, mmeuliza wiki hii iwapo sisi wa maeneo ya joto tunaweza kujilimia kitunguu saumu nyumbani, au tuendelee kununua kinachotoka Mbulu na Lushoto, kwenye milima yenye baridi. Ninaishi Ujiji, karibu na Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa takribani mita 800 tu kutoka usawa wa bahari, na jibu langu ni kwamba inawezekana, mradi mbegu ipate baridi kabla ya kuingia ardhini.

Miaka miwili ya kwanza nilipanda mwezi Novemba, kwa kuwa mvua ndiyo inayofungua kila kilimo kingine huku kwetu. Mimea mingi ilioza kwa unyevu, na iliyosalia ilinipa vitunguu vya duara kama golori, visivyo na punje hata moja. Nilihuzunika, kwani majani yake yalikuwa yamenawiri sana. Baadaye nilielewa kwamba mmea huu hugawanyika punje ukiwa umepitia wiki kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 10, na kwamba mchana mrefu huusaidia pia; mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, hivyo baridi ndiyo pekee tunayoweza kuupatia.

Siku hizi, katikati ya Machi, ninaweka vitunguu vizima ndani ya mfuko wa karatasi na kuvihifadhi kwenye jokofu, mbali na sehemu ya kugandisha, kwa wiki 6 hadi 8. Mvua zikikatika mwezi Mei ninabandua punje zilizo kubwa na kuzipanda siku hiyohiyo, kwa sababu joto likizikuta zimekaa nje linaweza kubatilisha kazi yote ya baridi. Ncha hutazama juu, kina ni sentimita 3 hadi 5, na nafasi kati ya punje ni sentimita 10 hadi 15, juu ya tuta lililoinuliwa lenye samadi iliyooza vizuri na kufunikwa nyasi kavu. Ninaacha kumwagilia wiki mbili kabla ya kuvuna, mwezi Septemba. Vitunguu vyangu ni vidogo kuliko vya Mbulu, lakini vina punje, na harufu yake kwenye mchuzi wa migebuka, samaki wa ziwa letu, inanitosha kabisa.

Mimea mingine haihitaji hila hizo. Bamia, biringanya, nyanya chungu, pilipili na matembele hulipenda joto letu, na tangawizi hukua vizuri kwenye kivuli chepesi cha migomba. Kabichi nimewaachia wa Kasulu, wenye baridi yao.

Tuta lililotoa vitunguu saumu hupokea bamia mwezi Novemba, na sirudishi hapo kitunguu cha aina yoyote kwa miaka 3, kwa kuwa ukungu unaoozesha kitako chake hubaki udongoni.