Taa za LED kwenye gari la kambi: nilianza na mwanga mwingi, nimebaki na mdogo

Taa ya kwanza niliyofunga kwenye gari kwa ajili ya kambi ilikuwa ile ndefu ya juu ya keria, wati 120, nikiamini mwanga ukiwa mwingi ndo kambi inapendeza. Usiku wa kwanza tumeiwasha kila mtu anafunika macho na mkono, unaongea na mwenzako huoni sura unaona kivuli tu, wadudu wamejaa mpaka kwenye sufuria, alafu asubuhi napiga stata gari inalia tik tik tik, basi. Tulikaa pale mpaka mchana ndo akapita mtu mwenye waya za kujampia. Kwa hiyo ninayoandika hapa nimejifunza kwa kukwama, na ningependa wewe usikwame.

Kabla hujanunua chochote piga hesabu ya umeme, ni hesabu ya dakika mbili tu. Chukua wati gawanya kwa 12 unapata ampia. Wati 120 ni ampia 10, ukiwasha kuanzia saa mbili usiku mpaka saa saba ni masaa matano, yaani ampia-saa 50, na betri ya gari ya kawaida ukikuta ya 60 hiyo ndo karibu yote umeimaliza. Na betri ya kuwashia gari haikutengenezwa kunywewa hivo, imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache alafu alteneta ijaze, ukiizoesha kushuka chini sana inakufa mapema. Mi kama natumia betri hiyo hiyo ya gari sivuki robo yake kwa usiku mmoja.

Sasa linganisha na nilichonacho leo: mkanda wa LED mita moja wa wati 5 hivi, na taa mbili ndogo za wati 6 kila moja. Jumla wati 17, kama ampia moja na nusu, masaa matano ni ampia-saa 7 tu. Na niamini, tunaona vizuri kuliko zamani.

Siri ni kwamba taa iwe karibu na kazi, sio juu ya kila kitu. Gizani macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea vizuri, na ukishawasha taa kali ile kazi yote inapotea, ukigeuka nje ya mwanga unaona ukuta mweusi. Mwanga mdogo unaoangalia chini unakuachia uione kambi, uione njia ya kwenda kwenye hema, uzione na nyota, si ndo tumezifuata. Mkanda nimeuweka chini ya turubai la pembeni, kwenye upande wa gari, umejificha nyuma ya ukingo ili ukikaa kwenye kiti usione vidoa vya LED vyenyewe, unaona mwanga uliotua mezani tu. Kama huna pa kuuficha tafuta ile reli ya alumini yenye kifuniko cheupe kama maziwa, inatawanya mwanga na pia inanyonya joto, mkanda unadumu.

Taa mbili ndogo ziko kwenye mlango wa nyuma, moja kushoto moja kulia. Hii ya mbili nasisitiza kwa mtu anayepikia nyuma ya gari, maana taa ikiwa moja tena iko mgongoni kwako, kivuli chako mwenyewe ndo kinakaa kwenye sufuria, unakata kitunguu kwa kupapasa na kisu mkononi. Zikitoka pande mbili vivuli vinauana.

Rangi nayo usiidharau. Zile nyeupe za kibluu za kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 6000 na kitu zinaonekana kali dukani lakini kambini zinaita wadudu na zinachosha macho. Chukua za njano, 2700 mpaka 3000. Wadudu hawaishi kabisa ila wanapungua sana, hasa ukipata ile ya rangi ya machungwa kwa muda wa kula. Nyekundu kidogo ndani ya hema au kwenye buti ni nzuri usiku wa manane, unatafuta kitu chako bila kuamsha macho ya wengine.

Tuje kwenye waya, na hapa naomba usome polepole maana hapa ndo magari yanaungua. Fyuzi inakaa karibu na betri kabisa, sio karibu na taa. Watu wengi wanadhani fyuzi inalinda taa, hapana, inalinda waya. Ule waya unaotoka betri mpaka nyuma ya gari ukichubuka katikati ukagusa bodi, kama fyuzi iko mwisho kule kwenye taa haina habari, waya unageuka kuwa hita na mpira wake unashika moto. Kwa mzigo kama wangu fyuzi ya ampia 5 inatosha kabisa. Kila waya unapopita kwenye tundu la bati weka mpira wa tundu, na pale kwenye bawaba za mlango wa nyuma upitishe ndani ya bomba laini lenye kukunjika, uwe na ulegevu kidogo, la sivyo baada ya kufungua na kufunga miezi kadhaa unakatikia ndani na huoni ulipokatikia.

Unene wa waya: usitumie vile vinyuzi vyembamba vinavyokuja na mkanda kwa safari ndefu. Umeme wa volti 12 unapotea njiani haraka. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75, mita 5 kwenda na 5 kurudi, ukipitisha ampia 3 unakula volti 0.7, taa inafika imechoka. Ukiweka 2.5 inapotea 0.2 tu. Mi natumia 2.5 kila mahali, sifikirii tena.

Viungo usisokote ukafunga na tepu, gari linatetemeka na tepu inaachia kwenye joto. Bana kwa terminali na koleo lake, alafu vuta juu yake bomba la kusinyaa kwa moto. Waya wa hasi funga kwenye bodi, kwangua rangi mpaka uone chuma kinang'aa, kaza, alafu paka grisi isipate kutu. Magari ya siku hizi mengi yana kihisi kwenye terminali hasi ya betri, ukifunga hasi yako juu yake moja kwa moja gari linapoteza hesabu ya betri, ndo maana nasema bodi.

Kitu kingine, injini ikiwa inawaka umeme unapanda mpaka volti 14.4 hivi, na mikanda ya bei ya chini iliyoandikwa 12 inapata joto na kufifia mapema. Tafuta taa zilizoandikwa volti 10 mpaka 30, zina kirekebishi ndani. Na dima nunua, ni kifaa kidogo lakini nakipenda kuliko vyote, saa ya kupika unapandisha, saa ya hadithi unashusha mpaka robo, betri nayo inapumua. Baadhi zinaleta kelele kwenye redio, isogeze mbali na waya wa antena.

Kwa nje chagua IP67, vumbi halipiti na maji ya mvua hayaingii. Ukitoboa bati paka rangi kwenye kingo za tundu kabla ya kufunga, kisha silikoni. Mi sitoboi tena kama naweza kutumia tundu la keria lililokuwepo. Taa za sumaku ni nzuri kwa kuhamisha hamisha ila zijaribu kwanza, bodi ya alumini haishiki sumaku.

Ile ndefu ya wati 120 bado ipo, ina rilei yake (swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa) na swichi yake, naiwasha dakika tatu wakati wa kusimamisha hema tukichelewa kufika, nikishaangalia kwanza kama kuna majirani upande inakoangalia. Alafu nazima.

Kabla ya kulala nazima zote, nasubiri kidogo betri itulie, nasoma kipima volti kidogo nilichofunga pembeni ya swichi. 12.6 imejaa, 12.2 ni nusu, hapo kesho yake ama tunaendesha ama taa zinapumzika.