Semina ya walezi wa hosteli: anzeni na kusikiliza

Umeuliza semina ya siku moja kwa walezi wa hosteli na wahadhiri hapa Tanzania, kuhusu kumsaidia mwanafunzi aliyefanyiwa ukatili wa kingono, ianzie wapi. Sheria iwekeni mchana. Asubuhi wafanye mazoezi wawili wawili: mmoja anasimulia kama aliyefanyiwa ukatili, mwenzake anajizuia kuuliza “kwa nini ulikwenda kwake?” Swali hilo ndilo linalofunga mdomo. Aseme: “Pole. Uko salama sasa? Ungependa tufanye nini?” Asiahidi siri asiyoweza kuitunza, ataje mapema nani italazimu ajue.

Saa nazo wazijue kwa kichwa. Dawa za kuzuia VVU zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, za kuzuia mimba ndani ya saa 120, na kuwahi ndiyo bora. Aliyefanyiwa ukatili asioge kwanza, akiweza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hutunza unyevunyevu, ushahidi ukaoza. PF3, fomu ya kwenda nayo hospitali, hutolewa polisi, ila matibabu ya dharura yasiisubiri.

Rushwa ya ngono ipeni kipindi chake: ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Na ile tabia ya kuwakalisha mwanafunzi na mhadhiri chumba kimoja “wayamalize”, ipigeni marufuku siku hiyohiyo.