Mada ya uzamivu: taa za wavuvi wa dagaa

Ndugu yangu, umeuliza kama taa za sola za wavuvi wa dagaa hapa Mwanza zinatosha kuwa mada ya uzamivu (PhD) katika uhandisi wa umeme na kompyuta. Taa pekee haitoshi, kwa kuwa kuunda kifaa kinachofanya kazi si sawa na kuongeza maarifa mapya. Betri yake, hata hivyo, inatosha kabisa. Nenda mwalo wa Igombe alfajiri, mitumbwi inaporudi, upime volti za betri, taa ikiwa bado inawaka, uone chaji imeshuka kiasi gani. Betri ya risasi na asidi, aina ile ya betri za magari, inayotumiwa kupita nusu ya uwezo wake kila usiku huchakaa mapema, na ikiachwa bila chaji siku za mbalamwezi, wavuvi wanapopumzika, huharibika zaidi. Namna ya kukadiria chaji iliyobaki kwa kidhibiti, yaani kifaa kidogo cha kusimamia betri, cha bei nafuu ndilo swali ninalokusihi umpelekee msimamizi wako kabla hujanunua hata waya.