Neema, wokovu na bidii yetu: maswali yenu kuhusu mahubiri

Je, muumini wa kawaida ana ruhusa ya kupima mahubiri? Naogopa kumhukumu mtumishi wa Mungu.

Anayo. Watu wa Beroya walimsikiliza Paulo mwenyewe, kisha wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo ndivyo yalivyo. Luka anawasifu kwa hilo (Matendo 17:11). Pima neno lake. Moyo wake mwachie Mungu.

Mchungaji wetu kila ibada ni funga zaidi, omba zaidi, toa zaidi. Natoka nimechoka kuliko nilivyoingia. Kasoro ni yake au yangu?

Ibada ijayo chukua karatasi uigawe pande mbili. Upande mmoja andika yote anayosema Mungu ametenda, upande wa pili yote unayotakiwa kutenda wewe. Upande wa kwanza ukibaki mtupu, umehubiriwa wajibu tu, injili haikufika, hata kama kila hoja ilikuwa na aya yake.

Kufunga, kuomba na kutoa ni mambo mema. Tatizo ni yanapowekwa. Soma Waefeso: sura tatu za kwanza karibu zote zinaeleza alichofanya Mungu, na amri zinaanza kumiminika kuanzia sura ya 4. Hata katika 2:8-10 utaratibu ni huohuo: tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, halafu ndipo tunaambiwa tuliumbwa tutende matendo mema. Mhubiri akiyatanguliza matendo, yanageuka kiingilio. Na akidokeza kwamba baraka inasubiri sadaka yako ifike kiasi fulani, mkumbuke Simoni wa Samaria aliyewaletea mitume fedha ili anunue uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, na jinsi Petro alivyomjibu (Matendo 8). Petro hakumbembeleza.

Kwetu ni kinyume. Ukigusia dhambi unaambiwa wewe ni mtu wa sheria, neema imeshamaliza yote.

Paulo aliulizwa hilohilo: tudumu katika dhambi ili neema izidi? Akajibu, hasha (Warumi 6). Tito 2:11-12 inasema neema hiyohiyo iokoayo ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya. Kwa hiyo mhubiri wenu ameshika nusu, tena nusu iliyo tamu.

Paulo anasema imani bila matendo ya sheria, Yakobo anasema imani bila matendo imekufa. Tumsikilize nani?

Wote wawili. Angalia kila mmoja anamchukua Abrahamu wapi. Paulo, katika Warumi 4, anasimama Mwanzo 15: Abrahamu hana mtoto, anaahidiwa, anaamini, anahesabiwa haki. Yakobo anasimama Mwanzo 22, Isaka akiwa tayari juu ya madhabahu, miaka mingi baadaye. Mmoja anajibu mtu anayejivunia matendo yake; mwingine anamjibu anayemwambia ndugu aliye uchi na njaa “enenda kwa amani” bila kumpa kitu. Mhubiri anayemtumia mmoja kumnyamazisha mwenzake hajamaliza kusoma.

“Jisaidie nami nitakusaidia” ni kitabu gani, sura ya ngapi?

Hakuna. Msemo huo haumo katika Biblia, ingawa umehubiriwa sana kana kwamba umo.

Mhubiri wetu anasema Wakatoliki wanafundisha kuokoka kwa matendo. Ni kweli?

Kwa maneno hayo, hapana. Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulilaani fundisho kwamba mtu aweza kuhesabiwa haki kwa matendo yake mwenyewe bila neema ya Mungu katika Kristo. Ni kweli pia kwamba ulipinga fundisho la imani peke yake kama ulivyolielewa, na hapo ndipo ugomvi ulipokaa karne nyingi. Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kwamba tunakubaliwa na Mungu kwa neema tu, si kwa stahili yetu. Wamethodisti walijiunga mwaka 2006. Tofauti bado zipo, kwa mfano kuhusu toharani (kutakaswa baada ya kifo) na thawabu za matendo mema. Akitaka kubishana, aanzie hapo.